Pete ya Mbuzi

Alhamisi, 12 Juni 2003

Siku ya Mtakatifu Onufry, kwa hiyo siku ya jina langu. Dada yangu Aldona amenipa daftari hili la jalada la kijani. Anasema nilisimulie daftari ili masikio yake yapumzike. Ana miaka sabini na miwili, mimi sitini na sita, na bado ananifunga vifungo vya shati mbele za watu.

Saa nne asubuhi, kikao cha Chama cha Waongoza Wageni. Mji unataka kijitabu kipya: Vitu Kumi vya Kuona Toruń. Kitoke siku ya mji, tarehe 24. Tisa vimepita bila ubishi. Jumba la mji, nyumba ya mtaalamu wa nyota, mnara ulioinama, chemchemi ya vyura, punda wa shaba, mbwa mwenye mwavuli, magofu ya ngome, kengele ya kanisa la Mtakatifu Yohana, nyumba yenye nyota ya dhahabu. Nafasi ya kumi iko wazi.

Nikasimama. Nikasema ya kumi ni pete ya chuma iliyo kwenye ukuta wa mto, chini ya Lango la Daraja, kimo cha goti, kipenyo sentimita kumi na nne. Julai 1945 treni ya kutoka Wilno, kwetu mashariki palipobaki nje ya mpaka mpya, ilitumwaga ng'ambo ya mto. Daraja lilikuwa limelala majini, tukavushwa kwa pantoni. Mama akamfunga mbuzi wetu Bona kwenye pete ile, akakalia sanduku, akakataa kuingia mjini. Alisema hatukai hapa, tunasubiri treni ya kurudi nyumbani. Alisubiri siku mbili. Ninaomba mistari miwili ya maandishi. Sijaomba sanamu.

Gerwazy Plichta akakohoa. Huyu ni mwongozaji mwenzangu, amezaliwa ndani ya kuta za mji kwa vizazi saba, huvaa kofia ya majani kama wasafirisha magogo wa zamani, na hubeba fidla asiyojua kuipiga. "Bwana Mhariri," akasema, "kwa heshima zote, ninyi si mlikuja juzi tu?"

Juzi! Miaka hamsini na minane!

(Sikuwahi kuwa mhariri. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa, miaka thelathini na minane. Ila mji huu humpandisha kila mtu ngazi moja kwa adabu, nami si mtu wa kukataa adabu.)

Plichta anataka nafasi ya kumi iwe jiwe lililo mbele ya mlango wake mwenyewe. Anadai msafirisha magogo fulani alilikalia akimlilia mchumba. Mwenyekiti, Daktari Ludmiła Rzepka, hapendi ugomvi. Hutafuta katikati hata ya vitu visivyo na katikati. Akatuuliza wote wawili swali moja: mgeni akifika, atagusa nini? Vyura wanasuguliwa vichwa kwa bahati njema. Mnarani watu wanasimama kujipima dhambi. Mgeni hapandi ndege kuja kusimuliwa mbuzi. Tuna siku kumi kuonyesha watu wanagusa nini.

Nilipomsimulia Aldona, alisema nilikuwa na miaka minane, tena nusu ya muda nilikuwa usingizini. Wivu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewaza usiku kucha na nimepata. Desturi! Pete yangu haina desturi. Basi nitaipa.

Weka mkono wa kushoto ndani ya pete, na utarudi mahali moyo wako unapopatamani. Wa kushoto, kwa sababu wa kulia ungekuwa rahisi mno na hakuna anayeamini kitu rahisi.

Lakini desturi ya karne nyingi haiwezi kuwa na pete yenye kutu. Tazama vyura: vichwa vinang'aa kama dhahabu kwa viganja vya watu. Saa kumi na moja alfajiri nikashuka mtoni na mkebe wa dawa ya kung'arishia shaba na soksi moja ya sufu. Nikasugua saa moja na robo. Upande wa chini tu, pale ambapo vidole vingepita. Mimi ni mtu wa makini.

Sauti nyuma yangu. Plichta, na mbwa wake. Akauliza kama Bwana Mhariri ameajiriwa na idara ya usafi. Nikamjibu ni mazoezi ya vidole, daktari ameniagiza. Akasema daktari wangu ana akili, maana vidole vyangu vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kiwiko. Mbwa wake akainua mguu kwenye ukuta. Nikalichukulia hilo kama tamko rasmi.

Leo ni siku ya Mtakatifu Antoni, anayewatafutia watu vitu vilivyopotea. Aldona amemwashia mshumaa. Nilipouliza amepoteza nini, alisema soksi moja ya sufu na kaka mwenye akili timamu. Mimi ni mdogo wake. Hata matusi yake hayako sahihi.

Jumapili, 15 Juni

Mpango wa pili. Mgeni wa bandia.

Plichta huongoza kundi kila Jumapili baada ya misa ya saa tano. Nimemwomba Aldona ajichanganye nao kwenye chemchemi ya vyura, kisha aulize kwa sauti: na ile pete maarufu ya mbuzi iko wapi? Maneno manane. Tumeyafanyia mazoezi jikoni mara kumi. Hatakiwi kushuka mtoni kabisa. Hashuki kamwe. Tangu 1945 hajakanyaga ukingo ule. Anasema anaujua mto na mto unamjua.

Nilijificha nyuma ya duka la maua. Plichta akapiga nyuzi mbili za fidla yake, wageni wakafumba macho kwa maumivu. Aldona akauliza. Kwa sauti ya kanisani! Wageni wote wakageuka. Fahari ilinipanda mpaka kwenye kofia.

Plichta akamwinamia akambusu mkono. "Bi Aldona mpendwa, ni kaka yako aliyekutuma au ni jua?"

Na Aldona, damu yangu, akajibu kwamba ni kaka yake, amejificha nyuma ya maua yale ya njano, na kwamba yeye ameahidiwa supu baridi ya viazi vyekundu kwa kazi hii, iliyopikwa kama ya Mama, na hakuna mtu duniani anayeipika kama Mama, kwa hiyo anajua amedanganywa.

Wageni wakacheka. Wakapiga picha za maua ya njano.

Nilimpikia supu hata hivyo. Akaonja, akasema maziwa hayajaganda vya kutosha, akala sahani tatu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda kwa Bi Pelagia, mjane mwenye kibanda cha biskuti za asali na viungo karibu na lango. Nimemwomba aoke biskuti zenye umbo la mbuzi. Kila kivutio cha mji huu kinaliwa: mnara unaliwa, mtaalamu wa nyota analiwa, hata malaika. Mbuzi wangu naye aliwe.

Bi Pelagia alisema kibao chake cha kuchapia umbo la mbuzi kilivunjika pembe mwaka wa 1988. Nikasema tumia hivyo hivyo. Jioni akanionyesha ishirini na nne. Nikamwambia kwa upole kwamba mbuzi asiye na pembe anafanana na mbwa. Akasema kwa upole zaidi kwamba wateja wanne wameshanunua, wakidhani ni yule mbwa mwenye mwavuli aliyesahau mwavuli.

Akaniuliza kwa nini nahangaika hivi. Sikutaka kusema, nikasema. Kwamba Mama amezikwa hapa na jina lake liko juu ya jiwe, lakini jiwe linasema tu alizaliwa na akafa. Halisemi alisubiri. Kila nikipita mtoni na wageni nawaonyesha mahali wafalme waliposhuka na mashujaa walipotia saini, na mdomo wangu unaipita pete ile kama haipo, kwa sababu haimo kwenye orodha. Nikishakufa, na Aldona akishakufa, itakuwa chuma tu.

Bi Pelagia alinifungia mbuzi wawili kwenye karatasi. Akasema keshokutwa ataiambia kila pua itakayonusa kibandani kwake habari ya mkono wa kushoto.

Alhamisi, 19 Juni

Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Maandamano, maua yakitupwa mabarabarani, altare nne zilizopambwa kwa miti michanga yenye magome meupe, ile ambayo watu huivunja vitawi baada ya ibada na kwenda navyo nyumbani kwa baraka.

Mimi pia nilivunja. Kitawi kimoja tu! Nikashuka mtoni nikakichomeka kwenye pete, kwa urembo. Nikakaa kwenye benchi kusoma gazeti nililolitoboa tundu.

Dakika kumi. Bibi wawili waliovaa nguo za kanisani wakaja wakirudi kwao. Wakaona kitawi. Wakapiga magoti. Nadhani walidhani ni altare ya tano waliyoikosa. Wa tatu akaja, akauliza panafanywa nini. Wa kwanza akasema hajui, ila Pelagia wa biskuti anasema ni mkono wa kushoto. Wakaweka mikono ya kushoto. Mmoja akalia kidogo. Akawaambia wenzake yeye anatoka Grodno, nao umebaki nje ya mpaka.

Saa nane mchana palikuwa na foleni. Foleni! Watu kumi na watano, mmoja na baiskeli. Askari polisi akaja kuuliza kibali. Akaelezwa. Akavua glavu.

Nimekwenda nyumbani nikiruka. Aldona aliniuliza kitawi chake kiko wapi, maana kila mwaka namletea. Nimesahau. Nimempa mbuzi wa biskuti. Akauliza kwa nini nampa mbwa.

Ijumaa, 20 Juni

Msiba. Nimepita mtoni saa tatu. Plichta yuko pale na Wajerumani arobaini. Jiwe lake kalitupa. Anawaambia kwamba pete ile ni ya msafirisha magogo aliyefunga chelezo chake akamsubiri mchumba mpaka nywele zikawa nyeupe. Na kwamba ukiweka mkono wa kushoto utarudi kwa unayempenda.

Mkono wangu wa kushoto! Soksi yangu!

Nikamwita mwizi mbele ya Wajerumani wote. Akatabasamu, akasema ugomvi wa heshima humalizwa mahali pa heshima. Kesho saa sita, kwenye mnara ulioinama, mbele ya Daktari Rzepka. Visigino na mgongo ukutani, mikono mbele, na kila mmoja aseme hadithi yake. Mwongo huanguka. Mji mzima unajua.

Nimekubali kabla sijafikiri. Nikafikiri baadaye. Ukuta ule umeinamia barabarani; ukiuegemea, unakusukuma mbele kama mlinzi wa mlango. Kila mtu huanguka. Maaskofu wameanguka.

Lakini chini ya kitanda changu nina sanduku la herufi za risasi za kupigia chapa nililopewa na kiwanda siku ya kustaafu. Kilo kumi na moja. Na nina mabuti ya mpira ya kuokotea uyoga.

Jumamosi, 21 Juni

Jua kali, nyuzi ishirini na tisa kwenye kivuli. Nimevuka uwanja wa mji nikiwa na mabuti ya mpira mpaka magotini, kilo tano na nusu za herufi katika kila mguu. Nilitembea kama mzamia lulu. Watu waliuliza kama mto unafurika. Aldona alinishika mkono akisema hajui nafanya nini na hataki kujua, ila kama ni miguu imevimba tumwone daktari.

Plichta alisimama kwanza. Akasema mchumba... na akaanguka. Kelele za furaha. Kofia yake ikaviringika mpaka mtaroni.

Kisha mimi. Visigino, mgongo, mikono mbele. Nilihisi dunia ikinivuta puani, na herufi zikinivuta kwenye nyayo. Herufi zikashinda! Nikasema yote. Treni, pantoni, Bona, sanduku, siku mbili. Nilisema mpaka jina la kijiji cha Mama. Daktari Rzepka alikuwa akihesabu sekunde kwa saa ya mkononi na nikamsikia akifika thelathini. Hakuna mtu amewahi kufika thelathini. Umati ukapiga makofi.

Nikainama kuwashukuru.

Kosa. Nilikwenda chini kama mlango uliong'olewa. Mguu mmoja ukachomoka, buti likapinduka, na risasi ikamwagika juu ya mawe ya barabara kwa mlio wa mvua ya barafu. Plichta akaokota herufi moja, akaitazama kwenye jua. "Bwana Mhariri," akasema, "ukweli wako una uzito kweli."

Umati ulicheka sana. Nami nilikuwa nimelala pale na pua ikitoka damu, nikiwa nimesema ukweli mtupu, kila neno.

Jumapili, 22 Juni

Pua imekuwa kiazi. Aldona ananiwekea majani ya kabeji.

Saa kumi alasiri Daktari Rzepka akaja mwenyewe na keki ya jibini. Kamati imekata shauri. Pete imo! Nafasi ya kumi! Watu mia mbili kwa siku wanaigusa, haiwezekani kuiacha. Ila maelezo ni ya Plichta, kwa sababu yeye hakuja na mabuti.

Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba. Nakala ya mwisho, kesho asubuhi inakwenda kupigwa chapa. Akaniomba niisahihishe, maana hakuna jicho kama langu mji huu. Ameniacha nayo. Mimi! Na kalamu nyekundu!

Miaka thelathini na minane sijawahi kubadili neno la mwandishi. Koma, ndiyo. Tarehe, ndiyo. Neno, kamwe.

Nimesahihisha koma tatu na mwaka mmoja wa mfalme. Nimekunywa chai. Nimezunguka meza.

Kisha nimefuta msafirisha magogo mzimamzima na kumwandika Mama. Mistari miwili.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeikabidhi. Mkesha wa Mtakatifu Yohana. Wasichana wanasuka mataji ya maua ya kuelea mtoni. Nimempa Daktari Rzepka bahasha nikimwambia marekebisho ni madogo. Akasema ananiamini. Nimekula chakula cha mchana bila hamu. Kisha nikala cha Aldona.

Jumanne, 24 Juni

Siku ya mji. Ngoma, matarumbeta, harufu ya biskuti hewani. Nimepata kijitabu cha kwanza kabisa kwenye meza ya jumba la mji. Nikafungua ukurasa wa kumi hapo hapo.

Ninanakili: "Kwenye pete hii msafirisha magogo kutoka Wilno alimfunga mbuzi wake, akakalia sanduku siku mbili akimsubiri mchumba aje kwa treni. Weka mkono wa kushoto, nawe utarudi."

Daktari Rzepka alinifuata akimeremeta. Alikuwa na maelezo mawili, akasema, ya Plichta na ya kwangu, na yote mawili yalikuwa mazuri, hakuweza kumuumiza mtu. Kwa hiyo amepata katikati.

Plichta alikuwa upande wa pili wa meza, akisoma, amepauka. Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini tulikuwa na wazo moja. "Mbuzi juu ya chelezo," akanong'ona. "Mhariri, umenizika." Nikamwambia anaweza kunyamaza, mama yangu amegeuzwa mwanamume mwenye mchumba.

Nikaenda nyumbani nikamsomea Aldona. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akavaa viatu vyake vya kanisani, akachukua fimbo, akasema twende nimwonyeshe hiyo pete.

Mtoni! Aldona! Nikamshika mkono ngazi zote za chini. Alipumua kwa nguvu lakini hakusimama. Kwenye pete palikuwa na foleni mpaka kwenye boti za matembezi, watu wakiweka mikono ya kushoto, wakifumba macho. Aliwatazama kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Onufry, ndiyo hii?"

Nikasema ndiyo hii.

Akasema siyo.

Alisema Mama alikuwa akimtuma kwenye bomba la maji, mara nne kwa siku, na kwa kuwa alikuwa mtoto na mji mgeni, alimwambia ahesabu hatua kutoka langoni mpaka kwa mbuzi ili asipotee. Themanini na saba. Mimi nilikuwa nimelala kwenye sanduku. Akarudi mpaka Lango la Daraja, akageuka, akaanza kutembea kwa hatua fupi fupi, hatua za mtoto, bibi wa miaka sabini na miwili na fimbo yake, akihesabu kwa sauti. Watu wakampisha. Arobaini na tano, tukaipita pete ya foleni. Sitini, tukapita benchi langu. Themanini na saba.

Majani marefu. Akayasukuma kwa fimbo. Pete, nyekundu kwa kutu, nusu imezama ardhini.

Nilikosea kwa hatua arobaini na mbili. Za mtoto, lakini arobaini na mbili. Mimi! Kwa miaka hamsini na minane!

Tukakaa kwenye nyasi. Tulikula mbuzi wa Bi Pelagia aliyebaki, mmoja kila mtu nusu, mgumu kama tofali. Aldona alisema Mama hakuwa akisubiri treni ile siku ya pili. Siku ya pili alisubiri Bona amalize nyasi, kwa sababu, alisema, haifai kuingia mji wa watu na mbuzi mwenye njaa akaanza kula maua yao. Aldona hakuwahi kuniambia hili. Hukuuliza, akasema, ulikuwa unaeleza.

Akaweka mkono ndani ya pete. Wa kulia. Akautoa ukiwa na kutu, hakuufuta.

Kule nyuma matarumbeta yalipigwa na watu wakashangilia pete isiyo yetu. Nilimwambia Aldona kwamba sasa naelewa. Ni bora hivi. Wao wana yao, sisi tuna yetu, hakuna haja ya orodha wala desturi wala mtu kujua. Alinipigapiga goti. Alisema mwishowe nimekua.

Jumatano, 25 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, duka la vifaa limefunguliwa. Nimenunua mikebe mitatu ya dawa ya kung'arishia, ile mikubwa, maana kutu ni nzito.

Plichta alikuwa dukani kabla yangu. Alikuwa na mikebe minne na kopo la rangi nyeupe la kuchora chelezo. Jana, kumbe, alikuwa amesimama nyuma ya boti za matembezi, akihesabu pamoja na Aldona.

Nimemwahi kwenye ngazi. Ana magoti mabaya, na mimi leo sikuvaa mabuti. Nimeshaamua: pete hii itakuwa ya mkono wa kulia.

Soksi ya pili ya Aldona imo mfukoni mwangu. Hatajua.